Mpishi Aliyekataa Kuwapikia Mbwa

Mpishi alipika miaka thelathini kwa watu ambao hakuwapenda, na alipostaafu akaapa kwamba kiumbe chochote atakachokipenda kitakula kibichi. Kwa bahati nzuri mkewe alikuwa ameshakwenda zake kwao Embu na binti yao, kwa hiyo kiapo kiliwaangukia mbwa.

Nilimjua kupitia dirisha la bucha yangu pale Timau. Bucha ilikuwa ya mume wangu, na mume wangu alipofariki wanaume wa soko walikaa wakingoja niifunge, kwa sababu walijua kabisa kwamba mwanamke hawezi kupasua paja la ng'ombe. Asubuhi moja Mpishi alisimama nje akanitazama nikihangaika na shoka, mifupa ikinirukia usoni.

"Mama Kendi," akasema, "unapigana na huyo ng'ombe na ameshakufa. Tafuta kiungo."

Akaingia bila kuombwa, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo mfupa unaachana na mfupa, akatoka bila kununua kitu. Tangu siku hiyo shoka langu lilipasua kuni tu.

Alivaa koti jeupe la jikoni juu ya sweta mbili, maana Timau baridi haina heshima kwa mtu yeyote, na chini alivaa gambuti. Mbwa aliwasemesha kwa Kiingereza, watu kwa Kiswahili, na Mungu kwa Kimeru, na wote watatu aliwafokea. Kiingereza chake alikiokota jikoni kwa Memsaab, mzungu mwenye shamba la ngano, na kilikuwa na matusi mengi kuliko vitenzi. Ukipita karibu na nyumba yake ungesikia, "Sit, you bladi fool," na usingejua kama anaambiwa mbwa au wewe.

Memsaab alipozeeka aliuza shamba akaenda kwa bintiye ng'ambo. Alimwachia Mpishi nyumba ya mbao mwisho wa shamba, sahani za udongo zenye maua, mbwa wawili, na magunia kumi na moja ya biskuti za mbwa. Mbwa dume alikuwa mkubwa, wa rangi ya udongo, mwenye mstari wa manyoya yaliyosimama mgongoni. Aliitwa Meja, kwa heshima ya mume wa kwanza wa Memsaab, ambaye Mpishi alisema walifanana hasa wakati wa kula. Jike alikuwa mdogo kwa umri, mwembamba, mwenye macho ya kuomba msamaha hata kabla hajakosa. Huyo ndiye Malkia.

Zile biskuti zilikuwa ndogo, ngumu, za rangi ya kahawia, na zilinuka kama viatu vilivyolowa vikaanikwa juu ya jiko. Mpishi alizichukia kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

"Hii imepikwa, ikakaushwa, ikapikwa tena, ikatiwa kwa gunia," alisema. "Hata mimi singemfanyia Memsaab hivyo, na nilimfanyia mengi."

Mara moja aliziandalia wageni. Wazee watatu wa kanisa walikuwa wamekuja kumshauri juu ya utoro wake siku za Jumapili, na mimi nilikuwa nimepeleka nyama nikakaribishwa chai. Mpishi alileta birika, na pembeni sahani ya Memsaab yenye maua, imejaa biskuti za mbwa. Niliponyosha mkono alinikanyaga mguu. Mwenyekiti wa kanisa alikula saba. Alitafuna kwa makini, akasema zimekosa sukari kidogo lakini zinashibisha.

"Na zinafanya manyoya kung'aa," Mpishi akajibu.

Wazee walicheka sana, wakasema Mpishi ana utani. Walipoondoka nilimwambia Mungu anamwona. Akasema Mungu ndiye aliyewapa meno, yeye alitafuta tu kazi ya kuyapa.

Lakini ukweli ni kwamba hizo biskuti hazikumfanya Meja ang'ae. Alikuwa na mabaka ya upara mgongoni, akijikuna mpaka damu, na alikuwa akijamba kwa nguvu kiasi cha kujishtua mwenyewe usingizini, akaamka akamtazama Malkia kwa lawama. Mpishi alivumilia magunia mawili. Siku moja akaja dirishani.

"Una matumbo?"

"Ninaosha sasa hivi."

"Usioshe."

Nilidhani hakusikia vizuri. Akaeleza, wateja wengine wakisikia, kwamba mbwa anataka tumbo la ng'ombe likiwa na majani yake ndani, bichi, pamoja na shingo za kuku, mifupa yenye nyama na ini kidogo. Aliniambia pia kwamba ataanza polepole, kwa sababu tumbo lililozoea gunia halibadilishwi kwa siku moja. Mama mmoja aliyekuwa anataka nusu kilo ya steki aliamua siku hiyo atapika maharagwe.

Nilikwenda kuona. Siku ya kwanza Meja alipewa shingo ya kuku akaitazama, kisha akamtazama Mpishi, kama mgeni aliyeletewa sahani ya mtu mwingine. Malkia aliichukua yake kwa adabu, akaenda nayo kwenye maua, akaizika, akarudi akasimama kando ya gunia. Mpishi aliketi kwenye kigoda akangoja. Alichanganya biskuti na matumbo, na kila siku akapunguza biskuti kwa ngumi moja. Wiki ya kwanza Meja alitapika mara mbili, moja kati ya hizo ikiwa kwenye gambuti ya Mpishi ikiwa na mguu ndani. Wiki ya tatu wote wawili walikuwa wakimsikia akifungua lango la mbali na kutetemeka miili mizima.

Usifikiri alikuwa mjinga. Daktari wa ng'ombe alipopita alimwonya kuhusu mapafu na maini yenye malengelenge ya maji, kwamba mbwa akila yale anapata minyoo, na minyoo hiyo inamrudia mtu kupitia mikono na chakula. Mpishi alivua kofia akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mchungaji. Tangu hapo alichagua kila kipande mwenyewe kwenye bucha yangu, kile chenye lengelenge akakichoma moto, na mikono aliisugua kwa sabuni hadi kwenye kiwiko kama daktari wa upasuaji. Mfupa uliopikwa hakuugusa. "Mfupa mbichi ni chakula," alisema. "Uliopikwa ni msumari."

Baada ya miezi michache Meja aliota manyoya upya. Meno yalikuwa meupe, harufu ikaisha, na alikimbia kama mbwa mwenye nusu ya miaka yake. Ila furaha kubwa ya Mpishi ilikuwa mavi. Yalikuwa madogo, makavu, meupe kama chaki, na alipenda kuyaeleza. Aliyaeleza dirishani watu wakichagua nyama. Aliyaeleza kwenye mazishi. Alisema mavi ya mbwa ni barua, na yeye anajua kusoma. Nilipoteza wateja wawili wa kudumu kwa sababu ya barua hizo.

Jambo lililomchoma halikutoka kwa watu waliomcheka. Lilitoka kwa Karimi. Karimi alikuwa amefanya kazi ya kupalilia kwenye shamba la ngano, na wenye shamba wapya walipopunguza wafanyakazi yeye alikuwa wa kwanza kuambiwa akae nyumbani. Alikuwa na watoto wanne na kondoo watatu, bila bwana. Alisimama dirishani siku moja akiangalia Mpishi akijaza ndoo, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Baba, hawa mbwa wako wanakula kuliko watoto wangu."

Mpishi, ambaye alikuwa na jibu kwa kila mtu tangu chifu hadi Mungu, alichukua ndoo yake akaenda.

Jumamosi hiyo moshi ulitoka kwenye jiko lake la nje. Alikuwa ameweka sufuria kubwa ya shamba, mifupa ya ng'ombe, viazi, karoti na majani ya vitunguu, na watoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, walikuwa wamejipanga na vikombe. Aliwafokea kwa kunywa kwa kelele. Nilimkumbusha kiapo chake.

"Kiapo kiko pale pale," akasema. "Hawa siwapendi hata kidogo. Ndiyo maana nawapikia."

Aliwapikia kila Jumamosi, na kila Jumamosi alitangaza kwamba hawapendi.

Basi hata hivyo majirani hawakuacha kuwaogopa mbwa wake. Aliyeongoza woga huo alikuwa Kinoti, aliyekuwa nyapara wakati wa Memsaab, mtu aliyezoea kupiga kelele na sasa hakuwa na wa kumpigia. Kinoti alisema mbwa anayekula nyama mbichi anakunywa damu, na damu ina ulevi wake. Yeye mbwa wake Tomi alikula ugali baridi, na Tomi alikuwa na tabia njema.

Kisha asubuhi moja kondoo wawili wa Karimi walikutwa kando ya ngano wameraruliwa. Wa tatu alikuwa amesimama mbali, anatetemeka, amefungwa kwa kamba yake.

Kinoti alifika kwenye bucha yangu kabla ya naibu chifu. "Nilisema," akasema. "Ukimpa mbwa damu asubuhi, jioni anaitafuta mwenyewe. Na wewe Mama Kendi ndiye ulimuuzia." Siku hiyo sikuuza hata nusu kilo. Watu walipita upande wa pili wa barabara, na mimi nilianza kujiuliza kama kweli nilikuwa nimelisha kitu nisichokijua.

Naibu chifu alikuja na askari wawili, mmoja ana bunduki. Hukumu ilikuwa tayari: mbwa wa Mpishi wauawe. Mpishi alikuja akiwa amewafunga wote wawili kwa kamba moja, koti lake jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Mbwa aliyekula kondoo hawezi kuficha," akasema. "Fungeni mbwa wote wa hapa. Tungoje."

"Tungoje nini?" naibu chifu akauliza.

"Wanye."

Naibu chifu aliangalia wazee, wazee wakaangalia chini. Hakuna aliyeweza kupinga, kwa sababu kila mtu Timau alikuwa ameshaelezwa habari za barua.

Mbwa saba walifungwa kwenye ua nyuma ya bucha yangu, mbali mbali. Serikali na wazee walikalia kreti za soda, wamejifunika makoti, upepo wa mlima ukiwapiga masikio, wakitazama matako ya mbwa. Sijawahi kuona kikao kilichohudhuriwa kwa makini namna hiyo. Kila mbwa alipoanza kuzunguka zunguka wazee wote walisimama. Mbwa akilala tena, wazee wanakaa. Mzee mmoja alishikwa na usingizi akaota, akaamka akiuliza, "Tayari?"

Meja ndiye aliyeanza. Mpishi aliinama, akayaokota kwa mkono mtupu, akayaponda kwenye kiganja huku midomo yake ikitembea kama anayesoma. Kisha akaunyosha mkono mbele. Unga mweupe.

"Mfupa wa kuku. Mfupa wa ng'ombe. Hakuna sufu."

Hakuna aliyesogea kuhakikisha. Mbwa wengine walifuata, mmoja mmoja, ugali, maganda ya viazi, kipande cha soksi. Halafu Tomi, yule wa tabia njema, akaweka chini kitu kilichofungwa na nyuzi za kijivu. Kinoti alisema Tomi huwa anatafuna blanketi. Watu walicheka, Kinoti akaketi.

Ilikuwa alasiri Malkia alipochuchumaa, karibu kabisa na kiatu cha naibu chifu, akimtazama Mpishi kwa yale macho yake. Alipomaliza kulikuwa na tita la sufu lenye urefu wa kidole. Haikuhitaji kusomwa. Kila mtu aliliona.

 Mpishi akasema, kabla ya mtu mwingine kusema, "Sufu. Huyu alikula."

Hapo naibu chifu alijikuta na shida. Aliyeshtaki na aliyeshtakiwa wote walikuwa na hatia, na wote walikuwa wazee wa hapo. Akakohoa. Akasema katika mlima huu fisi si wageni, na labda ingefaa iandikwe kwamba kondoo waliliwa na fisi, watu warudi nyumbani kwa amani. Kinoti aliafiki haraka sana. Wazee wakaanza kuinuka.

Karimi alikuwa amesimama kando ya ua tangu asubuhi, hakuna aliyempa kreti. "Na mimi nimwendee fisi anilipe?" akauliza.

Mpishi ndiye aliyemjibu. "Fisi hakuwa hapa," akasema. "Andika mbwa wawili. Andika Kinoti, na uniandike mimi. Karimi apewe kondoo wawili, mmoja kwangu na mmoja kwake."

"Mzee, fikiria," naibu chifu akasema. "Ukisema hivyo mbwa wako ameenda."

"Nimesikia."

Jioni hiyo Karimi alirudi nyumbani na kondoo jike wa Mpishi, mwenye mimba. Wa Kinoti alifika baada ya siku tatu za manung'uniko. Tomi alipigwa risasi siku hiyo hiyo, na Kinoti, ambaye sikumjua kuwa na moyo, alilia wazi wazi. Malkia nilimwombea mimi. Kaka yangu alikuwa na shamba la miraa Mikinduri, huko hakuna kondoo karibu, na alihitaji mbwa wa kufunga langoni. Naibu chifu alikubali, mradi asionekane tena Timau.

Mpishi alimleta kwenye lori la viazi. Alimpandisha mwenyewe.

"Kaka yako atampa nini?" akaniuliza.

"Ugali."

 "Na nyama?"

"Krismasi, pengine."

Akafunga kamba vizuri, akampiga Malkia kibao kidogo mgongoni, akaenda. Mara hiyo hakumtukana.

Baada ya kisa hicho Mpishi akawa mtu wa heshima, jambo ambalo hakulijua namna ya kulivaa. Wateja wangu walirudi. Mtu akitaka kuapa alisema, "Nasema kama Mpishi." Mwenyekiti wa kanisa alimtaja kwenye mahubiri kama mfano wa mtu asiyeficha la nyumbani kwake. Mimi mwenyewe niliwahi kumsimulia mwanangu Kendi ile siku, alipodanganya shuleni. Lakini ukimsifu Mpishi mbele yake alikatiza, akachukua ndoo akaondoka. Na habari za barua hakuzitaja tena kamwe. Nilidhani ni unyenyekevu, nikashangaa umempata wapi.

Meja aliishi miaka mingine minne kwa matumbo na shingo za kuku. Alikufa amelala juani, tumbo limejaa. Mwaka uliofuata binti wa Mpishi alikuja kumchukua, akaenda kukaa naye Manyatta, upande wa Embu.

Nilimwona mara ya mwisho karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeenda Embu kutafuta mbuzi wa kununua, nikaona ni vibaya kurudi bila kumsalimu. Nyumba ya binti ilikuwa katikati ya majani ya chai. Mpishi alikuwa ameketi nje, blanketi magotini, miguu imevimba. Koti jeupe hakuwa nalo. Alinitambua kwa sauti.

"Bado unapigana na ng'ombe?"

"Sasa wananiogopa."

Tulizungumza habari za Timau. Nilimwambia Kinoti amefariki, na Karimi sasa ana kondoo kumi na wawili. Alitikisa kichwa kwa kila habari kama mtu anayepokea vyombo na kuvipanga rafuni. Halafu akauliza habari za Malkia. Nikamwambia alikufa mwaka jana, kwa uzee. Binti alileta chai, akarudi ndani. Mpishi alingoja mlango ufungwe.

"Meja alikuwa na sufu," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile. Alikuwa na sufu nyingi kuliko wale wengine wote. Niliibana hapa." Akanionyesha pengo kati ya kidole cha tatu na cha nne, ngozi imekunjamana. "Nikaitia kwa mfuko wa koti. Hakuna mtu alitaka kukaribia."

Niliweka kikombe chini. Nilitaka kusema kitu kuhusu Karimi, na yeye akakiona.

"Karimi alilipwa. Kondoo wawili walikufa, wawili alipata. Hapo sina kesi. Lakini Malkia alikuwa mtoto, Mama Kendi. Alimfuata mkubwa. Meja ndiye aliyeanza, nilijua tu, Malkia peke yake hakuwahi kuanza kitu chochote."

"Sasa kwa nini hukusema wote wawili?"

"Meja alikuwa mzee. Nani angemchukua? Yeye angepigwa risasi pale pale." Alikuna goti. "Na nilimpenda zaidi. Usinifanye nitafute sababu nyingine."

Nilimwambia ilikuwa zamani, na mbwa wote wamekufa. Hakuonekana kunisikia.

"Nilienda kumwona, unajua. Huko Mikinduri. Sikukwambia. Nilisimama barabarani, upande wa pili wa ua wa kaka yako. Nilitaka tu kuona kama amekonda. Upepo ukampelekea harufu yangu. Akakimbia kuja, akakimbia, mpaka mnyororo ukaisha."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudi Timau," akasema. "Meja alikuwa hajala."